Mchumba aliyepigwa chini akaja kuwaliza wote

UKIPITA leo kwenye vibanda vya gemu vya uswahilini utasikia vijana wakisema wanakwenda "kucheza PS". Humsikii mtu akisema anakwenda kucheza Sega. Umeshajiuliza kwa nini? Kaa mkao wa kula, nikupe mkanda mzima.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mafahali mjini walikuwa wawili tu, wote Wajapani. Nintendo alikuwa na Mario wake, yule fundi bomba mwenye masharubu. Sega naye akamleta Sonic mwaka 1991, kalunguyeye wa buluu mwenye mbio za ajabu.

Sony wakati huo alijulikana zaidi kwa redio na televisheni. Akaanza urafiki na Nintendo ili watengeneze mashine ya gemu inayotumia CD. Juni 1991, kwenye maonyesho ya elektroniki Chicago, Sony akautangaza uchumba huo mbele ya watu. Weee! Kesho yake tu, Nintendo naye akatangaza kuwa mchumba wake ni Philips wa Uholanzi. Sony akabaki kaduwaa, kapigwa chini mchana kweupe.

Mwenzenu hakukaa kulia. Injinia wake, Ken Kutaragi, akakomaa na kazi, na Desemba 3, 1994 PlayStation ikaingia madukani Japani.

BEI YAMALIZA UBISHI

Patashika nguo kuchanika ilikuwa Mei 11, 1995, kwenye maonyesho ya gemu Los Angeles. Sega akatamba kuwa mashine yake ya Saturn, ambayo Wamarekani waliambiwa waisubiri hadi Septemba, imeshaanza kuuzwa siku hiyo hiyo kwa dola 399. Alijua kamzidi mtu ujanja.

Zamu ya Sony ilipofika, bosi wake wa Marekani, Steve Race, akapanda jukwaani, akataja namba moja tu, 299, akashuka zake. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Tofauti ya dola 100, bwana, si mchezo!

Haraka ya Sega ikamtokea puani. Saturn zilikuwa chache, akawapa wenye maduka wachache tu. Waliorukwa wakanuna, wengine wakasusa kabisa kumuuzia. Watengeneza gemu nao walikuwa hawajamaliza kazi, kwa hiyo aliyenunua mapema alikuta gemu za kuhesabu.

Nintendo naye hakupona. Mashine yake ya mwaka 1996, Nintendo 64, iliendelea na kaseti, ambazo ni ghali kutengeneza na hazibebi vitu vingi kama CD. Kampuni ya Square ikafungasha virago, na Final Fantasy VII ikatoka kwa Sony mwaka 1997.

Hesabu ya mwisho hii hapa: PlayStation zaidi ya milioni 100, Nintendo 64 karibu milioni 33, Saturn hata milioni 10 haikufika.

Sega akajaribu tena na Dreamcast mwaka 1998. Mashine ilikuwa kali, lakini mwaka 2000 ikaja PlayStation 2, inayocheza gemu na sinema za DVD humo humo. Januari 2001 Sega akatangaza kuwa anaacha kutengeneza mashine. Kabla mwaka haujaisha, Sonic alikuwa anakimbia ndani ya mashine ya Nintendo, mahasimu wake wa jana!

Sony naye baadaye kichwa kikavimba. Mwaka 2006 akaiuza PlayStation 3 Marekani kwa dola 499 na 599, wakati Wii ya Nintendo ilikuwa 250. Wii ikapita milioni 100 na kumwacha anahema. Aliye juu mngoje chini.

Basi wewe unayedunduliza upate mashine, au unayetaka kufungua kibanda, achana na tambo za matangazo. Uliza gemu zake zipo ngapi mtaani na zinauzwaje. Kampuni ikianguka, wakubwa wanatafuta biashara nyingine, na mashine inabaki sebuleni kwako.