Jumba la Litomyšl na Barua Zake 8,000

Kaeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu. Somo letu la leo ni safari. Tutakwenda Ulaya ya kati, katika nchi ya Cheki, kutazama mji mdogo na jumba lake la kale.

Mji huo unaitwa Litomyšl. Angalieni herufi š, yenye alama ndogo juu yake. Wacheki huisoma kama sh yetu. Basi semeni pamoja nami: Li-to-mishl. Vizuri.

Litomyšl uko upande wa mashariki wa Praha, mji mkuu wa Cheki. Wakazi wake ni kama 10,000 tu. Tuanze katika uwanja wa mji. Uwanja huu ni mrefu na mwembamba. Urefu wake ni kama mita 500. Hapo kale ulikuwa njia ya wafanya biashara, na ndiyo sababu una umbo la barabara. Nyumba zake zimeungana, na mbele yake kuna baraza zenye matao. Mvua ikinyesha, mtu hupita chini ya matao hayo bila kulowa.

Sasa tupande kilima. Ni mwendo wa dakika chache tu. Jumba lile pale! Alilijenga bwana mmoja mkubwa aitwaye Vratislav wa Pernštejn, aliyekuwa na cheo cha juu katika ufalme wa Bohemia. Kazi ilianza mwaka 1568, ikamalizika mwaka 1581. Mke wake, Maria Manrique de Lara, alitoka Hispania. Wajenzi wakuu walikuwa Waitalia wa ukoo wa Aostalli. Kwa hiyo ua wa ndani una baraza za matao, ghorofa juu ya ghorofa, kama majumba ya Italia.

Lakini msiingie ndani bado. Simameni kwanza mtazame kuta za nje. Kwa mbali mtadhani zimejengwa kwa mawe yaliyochongwa kwa ncha. Sogeeni karibu. Hakuna mawe yaliyochongwa hapo. Ukuta ni sawasawa, na mnachokiona ni michoro katika lipu. Kila mchoro ni mraba wenye mistari inayokutana katikati, kama bahasha iliyofungwa. Wacheki huiita michoro hiyo “barua ndogo”. Iko kama 8,000, na watu wa mji husema kwamba hakuna miwili iliyo sawa. Katika mmoja mtaona jani, katika mwingine mnyama, katika mwingine sura ya mtu.

Je, ilifanywaje? Fundi alipiga kwanza lipu ya chokaa na mchanga, yenye rangi ya kijivu nzito. Juu yake akapaka chokaa nyeupe, nyembamba sana. Kabla haijakauka, akachukua chuma chenye ncha, akakwangua. Palipokwanguliwa, rangi nzito ya chini ikatokea. Pasipoguswa pakabaki peupe. Kazi hiyo huitwa sigrafito. Fundi alitakiwa kufanya haraka, kwa sababu chokaa ikikauka haichoreki tena. Fundi wa chokaa wa Lamu au Unguja angeielewa shida hiyo mara moja.

Lipu ina adui, naye ni maji. Nchi ya Cheki ina baridi kali. Maji huingia katika nyufa, na usiku hugeuka barafu. Maji yakiwa barafu huongezeka ukubwa, na hivyo huisukuma lipu mpaka ikabanduka. Miaka 400 ni mingi. Barua nyingi zilianza kufutika.

Nani aliziokoa? Hapa sikilizeni vizuri. Mwezi wa Agosti 1968 majeshi ya Urusi ya Kisoviet na nchi rafiki zake yaliingia Chekoslovakia, kama nchi ilivyoitwa wakati ule. Januari 1969 mwanafunzi aitwaye Jan Palach alijichoma moto mjini Praha kwa kupinga hali iliyofuata. Mchonga sanamu Olbram Zoubek alichukua umbo la uso wa kijana huyo baada ya kufa kwake. Tangu hapo Zoubek hakuachiwa nafasi ya kuonyesha sanamu zake kwa uhuru. Afanye nini? Alikwenda kutengeneza kuta za kale, pamoja na wasanii wenzake. Miaka mingi walipanda juu ya majukwaa ya mbao wakitengeneza barua za Litomyšl moja moja. Serikali iliyomnyima ukumbi ilimpa ukuta, naye akautunza. Baadaye utawala ule ulianguka, na sanamu za Zoubek zikawekwa katika vyumba vya chini vya jumba lile lile. Mwaka 1999 jumba likaandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Kabla hatujaondoka, tazameni nyumba ya kupikia bia iliyo karibu na jumba. Tarehe 2 Machi 1824 alizaliwa humo mtoto wa mpika bia, jina lake Bedřich Smetana. Alikuwa mtunzi mkubwa wa muziki wa Wacheki. Mwaka 1874 alipoteza kusikia kabisa, lakini hakuacha kutunga. Siku hizi, wakati wa kiangazi, michezo ya kuimba huchezwa katika ua wa jumba, karibu na pale alipozaliwa.

Mwenye jumba tunamjua kwa jina. Wengi waliokwangua zile barua za kwanza hatuwajui, lakini kazi ya mikono yao tunaisoma hata leo. Nanyi mnaoshika kalamu kwa mara ya kwanza, msione haya mistari yenu ikipinda. Andikeni.

Maswali ya kujibu katika daftari:

1. Kwa nini michoro ya ukutani inaitwa barua?
2. Fundi alifanya haraka kwa sababu gani?
3. Barafu huharibuje lipu?
4. Zoubek alipataje kufanya kazi Litomyšl?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.