Santuri: mizani haipimi sauti

Mchuuzi wa perege akinunua kwa kilo katika bwawa la Nyumba ya Mungu, uzito ndio mali yake. Lakini mnunuzi wa santuri akifuata mizani, anaweza kupata hasara.

Santuri ya inchi 12 kwa kawaida huwa na gramu 120 hadi 140. Nzito, za gramu 180, huuzwa ghali zaidi. Unene husaidia zisipinde upesi. Sauti, hata hivyo, hutegemea kanda ya awali, uchongaji wa mifereji na ufyatuaji.

Santuri nyingi za dansi la Tanzania za miaka ya 1970 zilifyatuliwa Nairobi. Wenye nazo katika joto la bwawani wanashauriwa kuzisimamisha wima, mbali na jua. Iliyopinda au kukwaruzika hushuka bei, hata iwe nzito.