Je, Wajua? Gambuti Hukinga Mguu na Kufuga Fangasi

Kisii na Nyamira, nchini Kenya, hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo wachumaji wa majani chai hushinda ndani ya gambuti. Fangasi hustawi penye joto na unyevu, hasa katikati ya vidole vidogo vya mguu, ngozi ikalainika na kupasuka. Atakayesema basi gambuti zivuliwe amesahau visiki vya michai iliyopogolewa, na nyoka pia. Daktari wa miguu huagiza krimu ya klotrimazoli hadi wiki 4, hata mwasho ukiisha mapema. Wengi huacha mwasho unapoisha, nao ugonjwa hurudi. Soksi zibadilishwe kila siku, gambuti zikaushwe. Mwenye kisukari asingoje: ufa wa ngozi hupitisha bakteria, na huenda asihisi maumivu yoyote.