Pengo Moja Shambani

Wanachama wenzetu, tusisahau kwamba mkarafuu nao ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, nao ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Lakini huu ni mgeni mwenye adabu: hukaa pale ulipopandwa. Iko miti migeni isiyongoja kupandwa.

Tuchukue musizi, mti wa Uganda na nchi za maziwa. Wakati wa Wajerumani ulipandwa Amani, milima ya Usambara. Watu waliupenda, maana hukua upesi na kutoa mbao. Baadaye msitu ulipokatwa, jua likaingia penye mapengo, na hondohondo wakala matunda yake na kumwaga mbegu huko. Leo musizi umetanda msituni. Mlango aliufungua mwenye shoka.

Sasa hali ya hewa nayo inashika shoka. Dunia inazidi kupata joto, na bahari yenye joto huzipa tufani nguvu. Wazee walitusimulia tufani ya 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika. Mwezi wa Mei 2024 tufani Hidaya ilifika Mafia, si mbali nasi. Kila mti uangukao kwa upepo, au ufao kwa kiu, huacha pengo.

Wala si kila mti mgeni utakaofaidika. Musizi hupenda mvua nyingi. Kiangazi kikiwa kirefu huenda ukarudi nyuma. Lakini mwarobaini, uliotoka Bara Hindi, huvumilia ukame, na mbegu zake huchukuliwa na ndege na popo. Kiangazi kinachouchosha mkarafuu chaweza kuupa mwarobaini nafasi.

Hatusemi mwarobaini ukatwe. Dawa yake na kivuli chake twavijua. Twasema kila mti ukae mahali pake. Mkarafuu ukifa, tia mche mwengine masika yanayofuata, na uupe kivuli cha mgomba mpaka ushike. Mche huo utakungojesha miaka sita au zaidi kabla ya kuchuma, basi kila mwaka unaochelewa ni mavuno uliyoyatupa. Kisha pita chini ya miti wanakotua ndege. Mche usioupanda, ung'oe ungali watoka kwa mkono mmoja; ukingoja, utahitaji panga, na baadaye msumeno.

Samaki mkunje angali mbichi.