Mizunguko ya Sahanini na Mtetemeko wa Moyo

Mwaka 1951 mwanabiokemia wa Kisovieti, Boris Belousov, alichanganya asidi ya sitriki, bromati ya potasiamu na chumvi ya seriamu. Kimiminika kiligeuka manjano, kikapoteza rangi, kikarudi manjano tena, na kuendelea hivyo kwa muda mrefu. Wahariri waliikataa makala yake wakidai jambo hilo haliwezekani. Muhtasari wake ulitoka mwaka 1959 katika mkusanyo wa tiba ya mionzi, mahali ambapo wanakemia wachache wangeutafuta.

Anatol Zhabotinsky aliuendeleza uchunguzi huo katika miaka ya 1960. Mchanganyiko ukimiminwa sahanini kwa tabaka jembamba na kutiwa kiashirio cha rangi, pete za buluu huchomoza juu ya uso mwekundu na kutanuka. Kemikali mojawapo hujizidisha yenyewe, kisha husambaa na kuwasha sehemu jirani. Nyuma ya wimbi, mchanganyiko huwa umechoka. Hauwashiki hadi upumzike. Kwa hiyo mawimbi mawili yakikutana hayapitani, bali huzimana. Lakini pete ikikatwa, kwa mfano sahani ikiinamishwa, ncha zake hujikunja zikazunguka kama gamba la konokono, bila kukoma upesi.

Msuli wa moyo nao una tabia hiyo. Wimbi la umeme huanzia kwenye kituo asilia katika chumba cha juu cha kulia, hupita, na seli hupumzika kabla ya kuamshwa tena. Likikatika, tuseme kwenye kovu la shambulio la moyo, laweza kujikunja. Mizunguko ikizaana katika vyumba vya chini, msuli hutetemeka tu, damu haisukumwi, na mgonjwa huzimia ndani ya sekunde chache.

Hapo huhitajika mashine ya kushtua moyo, ambayo filamu zimetufundisha kuielewa kinyume. Mshtuko hauuwashi moyo. Huziamsha seli nyingi kwa pamoja ili mawimbi yakose njia, yazimike, na kituo asilia kishike tena uongozi. Ndiyo maana ndugu wa mgonjwa wakiuliza kwa uchungu kwa nini moyo uliokwisha kunyoosha mstari kwenye kipimo haukushtuliwa, wanastahili jibu la wazi: hapakuwa na wimbi la kuzima. Mgonjwa huyo hubonyezwa kifua na kupewa adrenalini huku chanzo kikitafutwa. Yule mwenye mtetemeko naye hubonyezwa kifua papo hapo, lakini mashine iletwe mbio.