Ngozi ya Chembe ya Dhahabu

Majahazi yaliyoingia Bandari ya Kale ya Mombasa yalipakwa sifa, mafuta ya papa. Wimbi likipiga mbavuni, maji yaliteleza yasiingie mbaoni. Ubao ni uleule, ila umevishwa utando. Kwa utando wa namna hiyo, mwembamba zaidi mara maelfu, ndivyo dhahabu ya Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, inavyotengwa na mwamba.

Mwamba wenye dhahabu, shaba na fedha husagwa ukawa unga, ukatiwa maji na zanthati, kemikali iliyoanza kutumika migodini miaka ya 1920. Molekuli yake ina ncha ya salfa inayong'ang'ania madini, na mkia wa asili ya mafuta unaobaki nje ukiyakataa maji. Hewa ikipulizwa, chembe iliyovikwa mikia hiyo hunata kwenye mapovu na kupanda nayo. Jiwe la kwatzi, linalopenda maji, hubaki chini. Povu likikusanywa na kukaushwa ndiyo makinikia, yaleyale ambayo serikali ya Tanzania ilizuia yasisafirishwe nje mwezi Machi 2017.

Watu walibishana mno juu ya kilichomo kwenye makontena ya makinikia hayo. Kwangu mimi, kilichobaki kwenye marudio, yaani mabaki yasiyoelea, kilistahili mjadala mkali vilevile.

Fedha huusaidia utando huo kushika. Dhahabu ya ardhini ni nadra kuwa tupu, na yenye fedha ndani yake hushika zanthati vizuri kuliko iliyo safi. Masonara wa Mji wa Kale wa Mombasa huichanganya na fedha kwa ajili ya ugumu na rangi. Kumbe hata mgodini mchanganyiko huo una kazi.

Adui wa utando huo ni wengi. Mwamba uliolala nje kwa muda mrefu hushika kutu, na uso wake huanza kupenda maji. Chuma kinacholika kutoka kwenye mipira ya kinu huipaka chembe, na udongo laini huifunika. Kinachonisumbua zaidi ni chokaa. Hutiwa ili kuizuia pairiti, madini ya chuma na salfa, isielee na kujaza makinikia bure. Lakini kalsiamu ikizidi hukaa pia juu ya dhahabu huru, ikaizamisha. Tena ziko pairiti zilizoficha dhahabu ndani yake, na kwenye mwamba wa aina hiyo kila kiroba cha chokaa huipeleka dhahabu kwenye bwawa la marudio.