Adabu za Mto wa Mchanga

Wageni wapitao Zombe mwezi wa Juni, wakauvuka Mto Thua pasipo kulowa hata kisigino, aghalabu hutoa hukumu moja, kwamba mto huu umekufa, na kwamba sisi tulioukalia kando tuna taksiri ya kutouhama mapema. Wameisema maofisa, wameisema wahubiri, na madereva wa malori huisema huku wakiuchota mchanga wake, na mimi niliyezaliwa upande huu wa mashariki ya Kitui nimepata kuisikia hata Mambrui, karibu na mlango wa Mto Sabaki, ambako mvuvi mmoja wa makamo, alipojua nitokako, alinyosha mkono kwenye maji mekundu ya ghuba akaniambia, "Udongo wenu huo, mwenzangu. Maji hamna, lakini matope mwatuletea." Nilicheka naye, maana alisema kwa mzaha, lakini neno lile limekusanya dhana mbili zisizopatana, kwamba mto hatuna, na kwamba mto tusiokuwa nao ndio uiharibuo bahari ya watu.

Insafu yataka nianze na shauri la mvuvi, kwani Juni ni mwezi mzito kwake. Kusi limekaza, mawimbi yanavunjika miambani, na mwenye mtumbwi mdogo hathubutu kutoka nje. Basi riziki yake huitafuta mlangoni mwa mto na ndani ya ghuba, mahali ambapo mkizi, hongwe na kamba huyafuata maji ya chumvi yanapopanda kukutana na maji ya bara. Hapo hapana kubahatisha. Siku za bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hujaa na kupwa kwa kadiri ya mita 3 na zaidi, na mkondo huzilaza nyavu za kutega kama nguo iliyoanguka kambani. Siku za maji mafu mkondo hupoa, na nyavu husimama zikafanya kazi yake. Mvuvi wa kimia hungoja maji yaanze kujaa, akasimama majini kwa kimya, jicho lake likitafuta mahali uso wa maji ulipokunjamana kinyume cha upepo, ndipo akarusha. Yakiwa mekundu mno, nyavu hujaa majani na vijiti; yakiwa mekundu kiasi, mkizi haoni nyavu, na kamba hunenepa kwa hayo hayo yaliyoletwa na mto. Kwa hiyo tope alilonilaumu nalo ndilo limlishalo, ijapokuwa likizidi huyasonga matumbawe, na mwenye kuyaonea uchungu matumbawe ya Malindi, yaliyotengewa hifadhi tangu mwaka 1968, hana makosa.

Lakini tuulizane, tope hilo lilianza kuzidi lini? Wataalamu walipata kutoboa tumbawe kongwe la pwani ya Malindi na kusoma ndani yake habari za miaka 300, tabaka kwa tabaka, wakakuta kwamba udongo wa bara ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, na si kabla. Msomaji na akumbuke ni nani waliokuwa wameshika hatamu za nchi wakati huo, ni nani walioyatwaa malisho ya Ukambani na kutubana kwenye vilima, kisha wakasema kwamba ng'ombe wetu ndio wanaokula nchi, hata ikafika mwaka 1938 wakawanyang'anya watu mifugo, na Mkamba mwenzetu Muindi Mbingu akawaongoza maelfu kwenda Nairobi kudai haki yao. Tena, ikiwa ni kuhesabiana, Thua wetu hauna hatia kabisa, kwa sababu haufiki baharini. Hushuka mashariki ukapotea mchangani, kama vile Tiva upoteavyo nyika za Tsavo. Ufikao ni Athi, upitao mpakani mwa Kitui na Makueni, ukakutana na Mto Tsavo ukaitwa Galana, ukaingia baharini kwa jina la Sabaki.

Na sasa nirudi mchangani, maana huko ndiko nilikotaka kwenda.

Mvua za masika zikikoma mwezi wa Mei, mto wetu hauondoki, huingia ndani. Mchanga huyashika maji kadiri ya robo ya ujazo wake, pengine theluthi, na jua, kwa ukali wake wote, haliwezi kuyanyonya yakisha shuka chini ya mita moja hivi. Juni basi, wakati wa kipupwe chetu chenye mawingu yasiyonyesha, si mwezi wa mauti ya mto. Ni mwezi wa kufunguliwa kwa kithima, kisima cha kuchimbwa mchangani. Nyanya yangu, ambaye kwa desturi yetu tulimwita susu, hakuchimba mahali popote palipomjia. Alitazama ulipo mkuyu ukingoni, ulipo mwamba uliopita chini ya mto, na punda walipoparaparua kwa kwato usiku. Kisha akapiga magoti kabla ya jua, akaanza kwa duara pana kuliko alilolihitaji, kwa sababu kithima kilichoanzwa chembamba humwangukia mchimbaji. Mchanga wa juu ulikuwa mweupe, wa chini ukawa wa kijivu, kisha ukashikana mkononi. Maji ya kwanza, yenye vumbi, yalimwagwa kando. Ndipo tukaketi kungoja. Maji yalipanda polepole, safi hata nyanya yangu akakiona kivuli cha kata yake chini, naye aliyachota kwa ubapa wa kata, si kwa kuizamisha, na mtoto aliyeizamisha aliambiwa aondoke.

Kithima kilizungushiwa matawi ya miiba, nacho kikawa cha aliyekichimba, lakini si kama shamba liwavyo la mtu. Mpita njia aliomba, akanywa, wala hakunyimwa. Ila kunywesha mifugo pasipo ruhusa lilikuwa kosa la kupelekwa kwa wazee. Ng'ombe walikuwa na kithima chao chini zaidi, na hori la mti. Nguo zilifuliwa mbali, upande wa mashukio. Mafuriko ya Novemba yalipokuja na kufuta kila shimo, hapakuwa na ugomvi wa mipaka, kwani kila nyumba iliijua nafasi yake kwa mti wake, na mwaka uliofuata walichimba pale pale. Nani atasema kwamba watu wa namna hii hawana mto? Watu wengi wenye mito ya maji yaendayo hawana nusu ya adabu hii.

Nao uvuvi tunao, ingawa ni wa wenzetu wa Athi. Mwezi huo huo wa Juni, Athi upunguapo ukaacha madimbwi baina ya mawe, vijana wa Makueni hukaa na mishipi wakitafuta perege na kambale, na jicho moja kwa mamba. Mara kwa mara hupata mkunga wa maji baridi, na hapo ndipo ningependa mvuvi wa Mambrui angekuwapo, kwani samaki huyo huzaliwa katika Bahari ya Hindi, akapita mlangoni mwa Sabaki angali mdogo kama uzi, akapanda bara kukulia kwetu, na akipevuka hurudi baharini kuzaa.

Kinachokufa, kwa hakika, ni adabu. Malori huingia mtoni yakapakia mchanga wa kujengea maghorofa ya Nairobi, na mahali palipochotwa hata mwamba ukaonekana hapana kithima tena, hapana cha kungoja wala cha kuzungushia miiba. Kingo zikikosa mchanga wa kuziegemea hubomoka, na udongo wake, huko ambako mito huuingia Athi, huteremka mpaka pwani. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, vimejenga kuta za saruji kukinga mchanga mitoni, na shirika la SASOL limesaidia kujenga mamia yake katika Kitui tangu miaka ya 1990. Hayo ni ya kushukuru. Lakini watoto wa siku hizi hujaza mitungi kwenye pampu, wakaipakia juu ya punda wakaenda zao, na hakuna awafundishaye ubapa wa kata.

Sheria ipo. Makueni ilitunga yake ya mchanga mwaka 2015, na Kitui ikapiga marufuku mwaka 2018 kuupeleka nje ya kaunti. Nanyi wavuvi wa Mambrui na Malindi, mnaoyatazama maji mekundu kila masika, msitulaani sisi. Siku ya kuyashtaki malori, njooni mtoe ushahidi pamoja nasi, kwa maana mchanga tunaoibiwa huku ndio ungewazuilia matope huko.